Kmart imekufa Marekani, Australia wanaipangia foleni: uzi wa maduka makubwa ya bei chee ughaibuni

#1 Mleta uzi (Ontario, Kanada)

Wakuu, habari za mchana.

Uzi huu unaanzia kwenye buti. Januari 2010 nilitua hapa na watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu, miguuni wana raba za kitambaa nilizowanunulia Tanga wiki moja kabla ya safari. Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kisomali, alitutazama miguu kwanza, salamu ikafuata. Akaniambia, "Dada, kesho asubuhi nakupeleka Zellers." Kesho yake tukapanda basi. Nilinunua buti pea mbili, soksi nzito, kofia na glavu za watoto, na nauli ya kurudi ikabaki mkononi. Binti wa kaunta alimkalisha mdogo juu ya kaunta, akanionyesha namna ya kuvuta ile kamba ya juu ya buti ili theluji isiingie, watu watano wakisubiri nyuma yangu na hakuna aliyeguna. Nililia nilipofika nyumbani. Wiki nzima nilikuwa na hofu kwamba wanangu wataonekana shuleni kama watoto wasio na mtu.

Zellers ilianzishwa mwaka 1931 na Walter Zeller hapa hapa Ontario, katika mji unaoitwa London. Mwaka 1978 ikanunuliwa na Hudson's Bay, kampuni ya tangu 1670, ilianza kwa biashara ya ngozi za wanyama. Juni 1, 2025 Hudson's Bay ilifunga maduka yake ya mwisho, na vile vibanda vya Zellers walivyovifufua ndani yake mwaka 2023 vikaondoka navyo. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za maduka ya aina hii, na nimegundua kwamba sisi Waswahili tuliotawanyika tunabishana kuhusu vitu tusivyovijua sawasawa. Kwenye kundi letu la familia mmoja yuko Perth, mwingine Leicester, mwingine Minnesota. Mtu akisema "nilipita Target" au "Woolworths", kila mmoja anapata picha ya duka lingine kabisa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Siyo duka la chakula peke yake, wala siyo yale ya kifahari yenye manukato mlangoni. Ni jengo kubwa, mara nyingi la ghorofa moja, maegesho mbele, na ndani unakuta nguo za mtoto, mashuka, sufuria, madaftari, midoli, feni na dawa ya meno. Toroli moja, kaunta moja, bei imeandikwa na huulizi mtu.

Mwaka wa kukumbuka ni 1962. Marekani mwaka ule mmoja yalizaliwa majina manne: Kmart kule Garden City, Michigan, mwezi Machi, Target kule Roseville, Minnesota, mwezi Mei, Walmart ya Sam Walton kule Rogers, Arkansas, mwezi Julai, na Woolco ya kampuni ya Woolworth kule Columbus, Ohio. Haikuwa bahati tu. Watu walikuwa wamehamia vitongojini, wamenunua magari, na wenye maduka waliona kwamba mteja akijichukulia mwenyewe rafuni unaokoa mshahara wa wauzaji wengi, na ile akiba unaishusha kwenye bei.

Katika hao wanne, aliyekuwa mkubwa kwa muda mrefu ni Kmart. Nyuma yake kulikuwa na kampuni ya S. S. Kresge ya Detroit, yenye uzoefu wa vijiduka vya senti tano na senti kumi tangu 1899. Kmart ndio waliobuni ile taa ya bluu: inawashwa ghafla juu ya rafu fulani, inatangazwa kwenye kipaza sauti, na kwa dakika chache bidhaa ile inashuka bei. Watu walikuwa wanakimbia na matoroli.

Kilichoiua hakikuanzia kwa wateja. Walmart walijenga maghala yao, wakanunua malori yao, na miaka ya 1980 wakaunganisha maduka yao kwa setilaiti, ofisi kuu ikawa inajua kila tawi limeuza nini. Kmart miaka hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wananunua kampuni nyingine: maduka ya vitabu, vifaa vya michezo, vifaa vya ofisi. Majengo yao yakachakaa, mapipa ya kukingia maji ya dari yakawa sehemu ya duka. Januari 2002 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, 2005 wakaungana na Sears, kampuni nyingine ya maduka, 2018 kampuni hiyo ya pamoja nayo ikaanguka. Duka kubwa la mwisho la Kmart katika bara la Marekani, kule Bridgehampton, New York, lilifungwa Oktoba 2024.

Sasa aliye Australia aje atueleze ilikuwaje huko Kmart ikawa ndiyo mfalme. Mimi nitarudi na mkasa wa Target Kanada, maana huo nauishi mtaani kwangu.

#2 Mchangiaji (Perth, Australia)

Dada, uzi mtamu. Nakaa Perth mwaka wa kumi na moja.

Kmart ya huku na ile ya Marekani ni watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Mwaka 1969 G. J. Coles, kampuni ya Australia, iliungana na Kresge na kufungua duka la kwanza Burwood East, karibu na Melbourne. Baadaye Wamarekani wakauza sehemu yao, jina likabaki. Wesfarmers ya hapa Perth iliichukua Kmart mwaka 2007 iliponunua kundi zima la Coles, na wakati ule ilikuwa hoi. Wazee wa hapa wanasema ulikuwa unaingia unakuta rundo la bidhaa, kila kona karatasi ya punguzo, na hujui bei ya kweli ni ipi.

Mwaka 2008 wakamleta Guy Russo, mtu aliyewahi kuongoza McDonald's ya Australia. Alifuta mapunguzo ya kila wiki, akapunguza sana aina za bidhaa, akaanza kuagiza moja kwa moja kiwandani bidhaa za jina lao wenyewe. Bei ikawa moja, ya chini, mwaka mzima. Siku hizi karibu kila kitu ndani kina jina la Anko. Ukienda kwa Mwaustralia tajiri na kwa mwanafunzi anayelala chumba cha kushea, mtakuta blanketi lile lile na taa ile ile. Kuna makundi ya Facebook ya kina mama wanaonyeshana jinsi walivyogeuza rafu ya Kmart kuwa kabati la televisheni.

Jambo moja linawachanganya wageni: katika maduka mengi kaunta za kulipia ziko katikati ya duka. Siku ya kwanza nilizunguka mara mbili nikitafuta pa kulipia karibu na mlango, nikidhani nitaonekana mwizi.

Na Target ya huku HAIHUSIANI na ya Marekani, ingawa nembo ya duara jekundu ni kama pacha. Ilianza Geelong miaka ya 1920 kwa jina la Lindsay's, kampuni ya Myer ikainunua 1968, jina la Target likaja 1973. Leo Target na Kmart za huku zote ni za Wesfarmers, na tangu 2020 maduka kadhaa ya Target yamegeuzwa kuwa Kmart.

Woolworths ndiyo kabisa. Huku ni duka la chakula. Waanzilishi wake wa Sydney mwaka 1924 walilichukua jina la Mmarekani kwa sababu yeye hakuwa amelisajili Australia. Duka lao la nguo na vyombo linaitwa Big W.

#3 Mleta uzi

Asante sana kaka wa Perth. Hilo la Woolworths nitaliongezea, maana hapo ndipo mabishano yetu ya kifamilia yanapowaka.

Woolworth wa kwanza ni Frank Winfield Woolworth, Mmarekani. Duka lake la Utica, New York, lilimshinda. La Lancaster, Pennsylvania, mwaka huo huo wa 1879, likasimama. Bei mbili tu, senti tano na senti kumi, na bidhaa mezani mteja azishike mwenyewe. Wakati ule vitu vilikaa nyuma ya kaunta na muuzaji ndiye aliyekukadiria uwezo wako kwa macho. Kwa mtu wa hali ya chini, kushika kitu na kukirudisha bila kuulizwa maswali ni heshima kubwa. Mimi niliyekulia kwenye maduka ambayo mwenye duka akikuona umevaa kandambili anakwambia bei kabla hujauliza, naielewa.

Ile ya Uingereza ilifunguliwa Liverpool 1909 kama tawi lake, ikaja kujitegemea. Ya Afrika Kusini, iliyoanza Cape Town 1931, haina udugu nayo na ni duka la watu wenye nafasi. Ya Marekani yenyewe ilifunga maduka yake ya zamani 1997, na kampuni iliyobaki ndiyo hii leo inaitwa Foot Locker. Kwa hiyo kijana wa Dar anayevaa raba za Foot Locker ananunua kwa mjukuu wa yule mzee wa senti tano.

Nije kwenye Target Kanada.

Januari 2011 Target ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.825 za Kanada kuchukua mikataba ya pango ya maduka ya Zellers. Watu walifurahi. Wakanada wanaokaa karibu na mpaka walikuwa wanavuka kila mwisho wa wiki kwenda kununua Target upande wa pili, sasa duka linawafuata nyumbani. Machi 2013 milango ikafunguliwa. Ndani ya muda mfupi yakawa maduka 133. Januari 15, 2015 wakatangaza wanaondoka. Wafanyakazi 17,600. Hawakufikisha hata miaka miwili.

Kilichotokea kimeandikwa sana magazetini hapa. Waliweka mfumo mpya wa kompyuta na kuujaza taarifa za bidhaa maelfu kwa maelfu kwa haraka, na taarifa nyingi ziliingia na makosa: vipimo vya boksi si sahihi, inchi mahali pa sentimita, urefu mahali pa upana. Mzigo ukajaa kwenye maghala hadi malori yanasubiri nje, huku rafu za madukani ziko tupu. Mama anakuja kununua nepi, hakuna. Anarudi wiki ijayo, hakuna. Mara ya tatu haji. Zaidi ya hapo bei zilikuwa juu kuliko zile walizozizoea ng'ambo ya mpaka, na Walmart walikuwepo Kanada tangu 1994 waliponunua maduka 122 ya Woolco.

Kinachoniuma ni kwamba Zellers iliyoondolewa ilikuwa na rafu zilizojaa. Vibao vyao vilisema bei ya chini kabisa ndiyo sheria, na dubu wao Zeddy alikuwa anawabeba watoto kwenye kile kibembea cha sarafu mlangoni. Mwanangu mdogo alijifunza kusema "tafadhali" kwa Kiingereza akiniomba sarafu ya Zeddy. Duka lilipobadilishwa, wafanyakazi waliokuwepo walitakiwa kuomba kazi upya kama wageni. Yule binti wa buti sikumwona tena.

#4 Mchangiaji (Karume, Dar es Salaam)

Shikamoo dada. Mimi sijawahi kupanda ndege lakini maduka yote mnayoyataja nayajua kwa shingo ya nguo. Nauza mitumba ya watoto mwaka wa tisa.

Belo likifunguliwa, cha kwanza natazama lebo. Nguo ya Marekani mara nyingi ina herufi RN na namba. Ya Kanada ina CA na namba, halafu maelezo ya kitambaa yako kwa Kiingereza na Kifaransa. Zikiwepo zote mbili, ilishonwa kwa soko la nchi zote mbili. Pajama za Uingereza zina maandishi mekundu ya kukaa mbali na moto, za Australia na Nyuzilandi zina lebo inayosema hatari ya moto ni ndogo au kubwa. Nembo zinazotoka sana: George, Primark, Faded Glory, Cherokee, Cat & Jack.

Kwa mteja wangu George ni nguo ya heshima. Mama anaishika kola, anageuza ndani anatazama mishono, anavuta kidogo mpira wa kiuno. Primark anaipenda kwa rangi lakini anauliza "itachuja?" Nguo za baridi nzito hazikai Dar, zinapanda Njombe, Makete na Lushoto.

Swali langu: George na Faded Glory mbona mshono unafanana?

#5 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Umenifurahisha kweli, hilo la maelezo ya Kiingereza na Kifaransa ni sheria ya hapa Kanada na wengi wanaoishi hapa hawajawahi kuligundua.

Kuhusu mshono: Asda ya Uingereza, yenye George, ilinunuliwa na Walmart mwaka 1999, wakakaa nayo hadi 2021 walipoiuza kwa pauni bilioni 6.8. Faded Glory ilikuwa nembo ya Walmart. Kwa hiyo kwa miaka mingi zilikuwa za tajiri mmoja, na Walmart walizileta nguo za George mpaka kwenye maduka yao ya huku. Kiwanda kilikuwa kipi siwezi kukuhakikishia, ila usishangae mkono kufanana.

Cherokee ilikuwa Target Marekani kwa miaka mingi hadi 2017. Kanada iliuzwa Zellers. Ukikuta Cherokee ya zamani yenye CA na Kifaransa, hiyo huenda imetoka kwenye rafu nilizokuwa nikizizunguka mimi.

#6 Mchangiaji (Leicester, Uingereza)

Salaam wote. Niongee ya huku, maana ni msiba baada ya msiba.

Woolworths ya Uingereza, watu waliita Woolies, ilifunga maduka yake yote 807 na la mwisho likafungwa Januari 6, 2009. Watu 27,000 walipoteza kazi. Ilikuwa katikati ya kila mji: madaftari, CD, balbu, na zile pipi za kujichotea mwenyewe kwenye mfuko. Baada yake ikabaki Wilko, iliyozaliwa hapa hapa Leicester mwaka 1930. Agosti 2023 nayo ikaanguka, maduka kama 400, wafanyakazi kama 12,000. Mimi ndoo, rangi ya ukuta, mbegu za sukuma wiki, vyote nilinunua Wilko. Siku za mwisho walikuwa wanauza mpaka rafu zenyewe. Nilinunua rafu moja, iko jikoni, inabeba unga wa ugali.

Wanaotamba sasa ni B&M, Home Bargains na Primark. Wengi wao hawang'ang'anii mauzo ya mtandaoni. Primark mpaka leo hawakuletei nguo nyumbani. Wanakuruhusu kuagiza, ufuate dukani. Ukitaka fulana ya pauni chache, nenda. Ukishafika unatoka na mfuko mzima.

TK Maxx ndiyo ile ile TJ Maxx ya Marekani. Ilipofungua Bristol mwaka 1994 walibadili herufi moja kwa sababu Liverpool kulikuwa na duka la T. J. Hughes tangu 1912, watu wangechanganya.

#7 Mchangiaji (Dublin, Ayalandi)

Leicester, Primark ni yetu huku. Ilianza Dublin mwaka 1969, mtaa wa Mary, na jina lake ni Penneys mpaka leo ndani ya Ayalandi. Nje hawakuweza kulitumia kwa sababu ya jina la maduka ya JCPenney ya Marekani. Huku ukimsifia dada nguo anakujibu papo hapo, "Penneys!" kwa fahari kabisa, na anakutajia bei.

Lakini kuna duka lingine nalitaja kwa moyo wote, Dunnes Stores, lililoanza Cork 1944. Julai 19, 1984 binti wa kaunta aitwaye Mary Manning, miaka 21, alikataa kumpigia mteja hesabu ya mabalungi ya Afrika Kusini, kwa kuwa chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimewaagiza wasiguse bidhaa za makaburu. Akasimamishwa kazi. Wenzake wakatoka naye, wachache sana, wakasimama nje na mabango karibu miaka mitatu, mvua na baridi ya Dublin. Mwaka 1987 serikali ya Ayalandi ikapiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Mandela alipokuja Dublin 1990 alikutana nao.

Kila nikipita Dunnes mtaa wa Henry natembea taratibu.

#8 Mleta uzi

Dublin, Mungu akubariki kwa kulileta hilo. Na kaunta ya Woolworth ya Greensboro, North Carolina, Februari 1, 1960: vijana wanne weusi, wanafunzi, waliketi kwenye sehemu ya chakula iliyotengwa kwa wazungu, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, hawakuondoka. Vitu vyao vya shule duka lilikubali kuwauzia, pesa yao ikapokelewa, kukaa kitini ndiko walikokatazwa. Maduka haya ndiko watu wengi walikokuwa wanaingia, kwa hiyo ugomvi wa haki ulikuwa lazima ufike humo.

#9 Mchangiaji (Nairobi)

Nimesoma kutoka juu hadi hapa, nawapongeza, lakini mnasifu bei bila kutaja anayeilipa. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi mabinti wa cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake. Nguo za Primark zilikuwa zinashonwa mle, na za Joe Fresh ya huko kwenu Kanada pia. Fulana ikiwa bei ya soda mbili, kuna mahali imepunguzwa.

Pia mngetaja maduka ya Game. Sisi Afrika Mashariki tulionjeshwa haya maduka. Walmart walinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini mwaka 2011, Massmart wenye Game. Nairobi walifungua Garden City, Kampala walikuwa Lugogo, Dar walikuwa Mlimani City. Agosti 2021 wakatangaza wanauza maduka yao ya Afrika Mashariki na Magharibi.

#10 Mleta uzi

Umesema kweli ndugu yangu wa Nairobi, na sina jibu la kulipunguza. Mwaka ule Joe Fresh ilikuwa sare ya wanangu. Niligeuza lebo za kabati zima usiku ule, nikahesabu zilizoandikwa Bangladesh, nikaacha kuhesabu. Primark walilipa fidia kwa familia, na makampuni mengi yalisaini mkataba wa ukaguzi wa majengo uliokuwa na nguvu ya kisheria, hilo lazima lisemwe. Ila mimi mwenyewe nilikuwa nasafisha ofisi usiku kwa mshahara wa chini, na duka la bei ya juu lisingenivalisha watoto. Siwezi kusema nilichofanya kilikuwa kizuri. Nilifanya nilichoweza, na tangu hapo nguo nanunua chache na narithisha mpaka ziishe.

Game ya Mlimani niliingia likizo ya 2014. Nilisimama nikatazama watu: vijana walikuja kuona televisheni na kupoa kwenye kiyoyozi, akina mama walishika, wakarudisha, wakaenda kununua Kariakoo kitu kile kile kwa bei ya kupatana. Kmart ya taa ya bluu ilifundisha mteja kusubiri punguzo. Kwetu mteja anajua punguzo liko mdomoni mwake. Duka la bei moja isiyojadiliwa linapokuja Dar linashindana na Kariakoo nzima, tena bila gharama ya kiyoyozi upande wa pili.

Jambo jingine kwa wanaokuja huku, maana niliombwa kwenye ujumbe binafsi: bei ya rafuni na bei ya kaunta. Uingereza, Ayalandi, Australia na Nyuzilandi kodi imo ndani ya bei unayoisoma. Marekani na Kanada inaongezwa ukifika kulipa. Hapa Ontario ni asilimia 13, ila nguo na viatu vya watoto vinasamehewa sehemu ya jimbo, asilimia 8. Uingereza nguo za watoto hazina kabisa ile kodi ya asilimia 20. Siku zangu za mwanzo nilifika kaunta na noti kamili kwa hesabu ya rafuni, nikarudisha sabuni. Sasa nabeba hesabu kichwani kabla toroli halijafika mbele.

#11 Mchangiaji (Auckland, Nyuzilandi)

Msitusahau sisi wa mwisho wa dunia. Huku ni The Warehouse, majengo mekundu, Stephen Tindall alianzisha 1982 Takapuna. Walijaribu Australia mwaka 2000, wakauza 2005 na kurudi nyumbani. Kmart ya Australia nayo imekuja kuwabana hapa hapa kwao.

Kinachonisaidia mimi ni malipo ya kidogo kidogo: duka linakuwekea kitu nyuma, unalipa kila wiki, ukimaliza unakichukua, riba hakuna. Ni kudunduliza kule kule kwa mama zetu kwa muuza vitenge. Wamarekani wa Walmart waliufuta utaratibu huo 2021 wakaweka mikopo ya simu.

#12 Mchangiaji (Karume)

Dada mleta uzi, nimetoka kijiweni kuchukua mzigo. Jumamosi nafungua belo la Kanada, watoto, nguo za baridi. Nikikuta Cherokee yenye CA na Kifaransa nikuwekee au niachie soko?

#13 Mleta uzi

Niwekee mdogo wangu, bei yako ya kawaida, usinipunguzie. Koti la miaka sita kama lipo, zipu uivute juu na chini mara mbili tatu uone kama haikwami. Dada yangu yuko Lushoto, mtoto wake anaanza darasa la kwanza na Julai kule baridi inakata. Nitumie namba kwa ujumbe binafsi, hela ya koti na ya basi nitatuma Ijumaa nikitoka kazini.